Pita Kulia kwa Mtu wa Sweta Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi
Kiongozi wetu wa kupandisha watalii mlimani ameacha kazi. Kaoa, na mke hataki habari za baridi. Bosi ametuita uani, katikati ya mahema yaliyoanikwa, akatangaza: Jumamosi wanakuja walimu wanne wastaafu, wanataka kuona maporomoko ya maji ndani ya hifadhi. Atakayewafikisha, cheo ni chake. Nikasema mlima ule naujua kama kiganja changu. Sijawahi kuukanyaga. Mimi nafua mahema, na mahema yenyewe yamefika mbali kuliko mimi! Dereva naye akasema anaujua. Tunamwita Bwana Uhakika kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Mwongo mkubwa. Huwa anaishia getini, analala garini.

Jumanne, 5 Machi
Nimeokoka! Kwenye kompyuta ya ofisi kuna ramani ya mtandaoni yenye picha za njia nzima. Unabonyeza, unasogea. Unabonyeza tena, umevuka mto. Nimepanda kutoka getini hadi kwenye maporomoko kabla ya chai, bila tone la jasho. Siri ni kukariri alama. Daraja la mbao. Wingu jeusi mkono wa kushoto. Ndege mweupe juu ya tawi. Na alama kuu: njia panda, ambapo mtu wa sweta nyekundu ameketi juu ya jiwe, anakula ndizi. Pita kulia kwake. Nimerudi mara nyingi kuhakikisha. Kila nikirudi yupo, na ndizi ile ile. Mtu wa kutegemewa.

Alhamisi, 7 Machi
Bwana Uhakika kaigundua ramani! Ila yeye anautazama mlima kutoka juu, kama mwewe. Anasema ni kijani kitupu, tambarare, mtu anauvuka na ndala. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Jioni, mazoezi nyumbani. Nikamwomba mke wangu avae sweta yake nyekundu, aketi juu ya ndoo, nami nipite kulia kwake. Raundi mbili alivumilia. Ya tatu akauliza, je, siku hiyo yule mtu akiwa ameondoka? Nikamwambia aende wapi, na ndizi hajamaliza? Akasema, "Baba watoto, wewe hata duka la mkate unapotea." Uzushi! Walibadilisha rangi ya mlango.

Jumamosi, 9 Machi
Siku yenyewe. Getini, askari wa hifadhi, mama mmoja mwenye buti kubwa, akauliza kama nimewahi kupanda. Nikajibu wiki hii nimepanda karibu kila siku. Akalitazama tumbo langu, akafungua geti.

Daraja lipo! Nikaongeza mwendo. Wingu halipo. Ndege hayupo. Sikuwaambia walimu.

Njia panda. Jiwe lipo, mtu hayupo!

Nikawaambia tusubiri kidogo. Wakauliza tunamsubiri nani. Nikasema mwenyeji. Bibi mmoja wa miwani, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, akauliza kwa nini nisimpigie simu. Nikasema yule si mtu wa simu, ni mtu wa kukaa. Tukasubiri. Wakala karanga zao. Wakala na zangu.

Ghafla vichaka vikatikisika, akatoka Bwana Uhakika. Alikuwa amekata njia moja kwa moja ili aninyang'anye wageni. Ndala moja imebaki bondeni. Na amevaa sweta nyekundu! Akajitupa juu ya jiwe jingine, ng'ambo ya njia, hoi, akamenya ndizi.

Jiwe silo, lakini mtu ni mtu. Nikanyoosha mkono, nikapaza sauti: "Huyo hapo! Kulia kwake!" Wakati ule ule akapita bwana mmoja kabeba mgongoni mlingoti wenye mpira uliojaa kamera. Nikampisha bila kushusha mkono. Hata salamu hakutoa.

Tukapita kulia. Njia ikatutoa nyuma ya nyumba ya askari wa hifadhi, kwenye kamba ya nguo. Maji yalikuwepo, siwezi kusema hayakuwepo. Bomba lilikuwa linavuja. Nikawaambia walimu, haya ndiyo maporomoko, ni vile tu tumeyakuta wakati wa kiangazi. Bibi wa miwani akainama, akayachunguza. "Mwanangu," akasema, "maporomoko yana koki?"

Jumatatu, 11 Machi
Bosi amepumua kwanza, ndipo akasema. Cheo sipati. Bwana Uhakika naye kanyang'anywa funguo za gari, tunafua mahema pamoja, hatusemezani. Kuanzia sasa wageni watapanda wenyewe, wafuate picha za ramani. Nikamweleza bosi kwamba kosa ni la yule mtu wa sweta, ambaye hakufika kazini. Akaniomba nirudi kwenye beseni.

Ijumaa, 26 Aprili
Picha mpya zimewekwa kwenye ramani. NIMO! Njia panda, kifua mbele, mkono umenyooka, sura ya uongozi mtupu. Uso wameufifisha, lakini mke wangu kalitambua tumbo kabla hata mimi mwenyewe.

Askari wa hifadhi kampigia bosi simu, anawaka. Wageni wanamiminika uani kwake. Wote wameufuata mkono wangu, wote wanaulizia maporomoko, na jana wamepiga picha bomba na soksi zake. Bosi akanifokea mpaka mahema yakapepea. Akiniona tena karibu na kompyuta, hata kufua sitafua. Nikamuuliza kwa heshima: bosi, katika ofisi hii, nani amewaongoza watu wengi kuliko mimi, tena akiwa na beseni mkononi? Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani anapiga hesabu ya mshahara wangu mpya.

Kesho naanza mlima wa pili, kwa simu ya mke wangu. Nimeshauchungulia, rahisi sana. Kwenye njia panda kuna nyani ameketi juu ya gogo. Pita kushoto kwake. Nimemtazama vizuri: ametulia, si wa kuzurura.