Ombi la Kiti Changu Kufanya Mtihani wa Mwaka wa Kwanza

Kamina, Ijumaa

Kwa Bwana Doyen, mkuu wa Kitivo cha Sheria

Bwana Doyen mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu zote nilizo nazo, na zile nisizokuwa nazo nimeziazima kwa majirani ili barua hii isikuvunjie heshima. Mimi ni Sauda binti Lukmani, muuza samaki wakavu hapa sokoni, mama wa Asma, mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza. Jana nilisikia kwamba Asma amefutwa kwenye orodha ya mtihani wa Jumatatu kwa kukosa darasa siku kumi na moja. Kabla sijalia, nina malalamiko.

1. Kiti. Kwenye karatasi ya kujiandikisha mliomba diploma ya sekondari, picha nne na cheti cha kuzaliwa. Kiti hamkukitaja. Siku ya kwanza mtoto alirudi akaniambia: "Maman, kule kila muntu anakuya na kiti yake." Nikampa changu, cha mbao, chenye mikono, alichonichongea marehemu baba yake ili nikae vizuri sokoni. Tangu siku hiyo nauza samaki nikiwa nimekalia bidoni, dumu tupu la mafuta. Sikunung'unika. Nilikwisha kuambiwa kwamba elimu inataka kujinyima, ila sikujua kwamba inaanzia makalioni.

2. Mahudhurio. Nilidhani chuo kikuu kinahesabu watu. Kumbe Bwana Marc, apariteri wako anayeshika daftari la mahudhurio, hupita asubuhi na kuhesabu viti, maana kila kiti kimepakwa namba ya mwenyewe kwa rangi nyeupe. Siku moja nilikwenda huko nikamuuliza kwa upole, akanijibu: "Mama, kiti iko, mwanafunzi iko." Asubuhi hiyo nilihesabu viti sitini na watu wanne, na mmoja wa hao wanne nilikuwa mimi. Wengine walikuwa wameweka viti vyao wakaenda zao. Daftari likasema sitini, wote wapo. Profesa mwenyewe alikuwa bado Lubumbashi. Labda naye angetuma kiti tungeanza somo.

3. Masomo yenyewe. Profesa alipofika hatimaye, somo la miezi mitatu alilimaliza kwa siku nne, toka asubuhi hadi jioni, kisha akarudi alikotoka. Asma aliingia nyumbani akiwa hana sauti, akaomba maji kwa ishara, akalala na viatu. Kiti kilirudi salama kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mnapenda viti kuliko watoto: haviumwi na njaa, havisinzii, wala haviulizi maswali.

4. Malezi. Wakubwa wa mwaka wa pili huwaita watoto wetu "bleu", yaani wageni wasiojua kitu. Mwanangu alipigishwa magoti mbele ya pipa la takataka, akaambiwa aliamkie "Mheshimiwa". Wiki nzima baadaye alikuwa akiniomba ruhusa kabla ya kumeza ugali. Miaka kumi na tisa nimehangaika kumfundisha adabu hakuishika, na ninyi mmempa kwa siku moja, tena ya pipa. Kiti hakuna aliyekipigisha magoti, kwa kuwa kina namba.

5. Kufutwa. Hili ndilo limeniuma. Bwana Marc anasema siku kumi na moja kiti namba 37, ndicho changu, hakikuonekana. Siku hizo mimi nilikuwa Kinkondja kununua samaki, lakini mtaa mzima ulimwona Asma akitoka kila asubuhi, kiti kichwani, daftari kwapani. Alikuwa akienda wapi nacho, harusini? Basi ni wazi kabisa kwamba mkubwa mmoja wa ofisini kwenu alikipenda akakikalia, na mwanangu akasikiliza somo amesimama dirishani, akaandikwa hayupo kwa kuwa alikuja na miguu tu. Huyu ni mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kuvuka mlango wa chuo kikuu, Bwana Doyen, nanyi mnamfuta kama chaki.

Kwa hiyo naomba kiti changu kipewe kadi ya mwanafunzi, na Jumatatu kiruhusiwe kufanya mtihani. Kikishinda, kipande mwaka wa pili, nami nitakiita Maître, kama mawakili wanavyoitwa, mbele ya wateja. Kikianguka, sitakuja kulalamika, nitajua hakikusoma. Na kama sheria hairuhusu kiti kufanya mtihani, basi sheria hiyohiyo, ambayo ndiyo mnayoifundisha, ituambie kwa nini kinaruhusiwa kuhudhuria.

Nisalimie mama watoto, umsalimie Bwana Marc, na maprofesa wote, waliofika na walio njiani.

Ni mimi, mwenye subira inayokaribia kwisha,

Sauda binti Lukmani
Soko la Kamina, upande wa samaki

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Asma aipitie kusahihisha makosa. Akaisoma mpaka mwisho, akaanza kulia. Akasema: "Maman, usitume. Zile siku zote minyi sikukuwa kule. Minyi njo nilikuwa nauzisha samaki." Jirani yangu Élisa, niliyemwachia meza, alishikwa na malaria siku moja tu baada ya mimi kuondoka. Asma akaona samaki wataliwa na wadudu, akabeba kiti akaenda kukaa mezani kwangu siku kumi na moja, akanyamaza ili nisikatize safari. Niliporudi nilimshukuru Élisa kwa samaki wawili wakubwa, naye akapokea. Kwa hiyo hakuna aliyekichukua kiti, na Bwana Marc aliandika kweli, naomba anisamehe. Ningeandika barua nyingine, lakini karatasi imekwisha, na yote niliyosema hapo juu hayanisaidii tena. Mtoto alikosa darasa kwa ajili yangu, Bwana Doyen. Adhabu ni yangu. Lakini mimi Jumatatu sina mtihani, yeye anao.