Gofu Chini ya Dari ya Ngazi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa mauzo anastaafu mwisho wa mwezi. Bosi ametangaza leo, amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Tunaoweza kukalia kile kiti ni wawili: mimi, naibu kwa miaka kumi na moja, na yule wa meza ya dirishani tunayemwita Sawasawa kwa sababu hajawahi kumkatalia mtu jambo.

Bosi hapendi usaili. Anasema mtu hujulikana akiwa uwanjani. Jumamosi atatuchukua sote wawili kucheza gofu, Jumatatu atataja jina.

Akauliza nani amewahi kucheza. Sawasawa akasema hajawahi hata kushika fimbo. Kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeulizwa saa! Mimi nikasema nacheza kidogo, siku za mapumziko.

Sijawahi. Nina siku nne.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Fundi Waya, anayetengeneza televisheni pale kona, anakodisha mtambo wa gofu ya ndani. Unatandika zulia la majani ya plastiki, unatundika turubai jeupe ukutani, unapiga mpira wa kweli. Kisanduku kilichoko sakafuni kinasoma kasi ya mpira, na projekta inakuonyesha ulikoangukia. Uwanja mzima ndani ya sebule.

Sebule ndiyo karakana ya mke wangu. Anashona. Cherehani imehamia jikoni, kochi limehamia chumbani na limesimama wima kando ya kitanda. Akauliza haya yote ni ya nini. Nikasema ni kwa faida ya familia. Akajibu kwamba ana sare kumi na mbili za kukabidhi Ijumaa, na kwamba mara ya mwisho alipoangalia, familia ilikuwa ni pamoja na yeye.

Fundi Waya akauliza kama nimepima chumba. Nimepima: urefu na upana, kwa hatua zangu mwenyewe. Na kimo? Hapo nilicheka. Kampuni yetu inauza dari. Huwezi kumfundisha samaki kuogelea.

Jumatano, 5 Machi

Pigo la kwanza. Fimbo ilipanda vizuri, ikakutana na dari. Kipande cha ukubwa wa sinia kikanishukia begani. Taa mbili zimezimika.

Kwa kumbukumbu: dari hii niliifunga mwenyewe miaka minne iliyopita. Ngazi tatu, taa kumi na sita, ili wateja waje kuiona. Kila ngazi iliishusha dari kidogo. Sasa nikinyoosha mkono naigusa. Nilijua hilo. Sikuwahi kunyoosha mkono wenye fimbo.

Fundi Waya akashauri tung'oe ngazi mbili za chini, kazi ya nusu saa. Nikamwambia heri aning'oe meno. Dari hii imo kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Agosti.

Zikasikika ngo, ngo, ngo kutoka chini. Ni Mwalimu mstaafu anayekaa chini ya sebule yetu. Hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio kila tunapodondosha kitu. Dari yake nilimuuzia mimi, nikaifunga mimi. Inatoa sauti safi.

Saa kumi jioni nikapata jibu. Nikipiga magoti, fimbo haigusi kitu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino. Tangu asubuhi niko magotini, juu ya mito miwili ya kochi. Mipira thelathini ya kwanza ilienda kwenye pazia. Wa thelathini na moja ulikwenda mita tisini, katikati ya uwanja. Hadi saa sita nilikuwa nafikisha mita mia moja na ishirini. Fundi Waya, aliyekuja kuchukua bisibisi yake, alisimama kuangalia, akakiri hajaona mtu akipiga hivyo. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Mama mkwe akaingia bila kubisha, kama kawaida yake, akanikuta nimepiga magoti nimeelekea mlangoni, kichwa chini, najipanga. Mkoba ukamtoka mkononi. Akanishika kichwa.

"Inuka, baba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi nilikwishakusamehe zamani."

Sijui nilimkosea nini. Sikuuliza. Nikamshukuru, naye akaenda jikoni kumwambia mwanawe kwamba hatimaye nimekuwa mtu. Kwa dakika kumi hivi cherehani haikusikika. Nadhani walikuwa wanacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Jino bado. Mita mia moja na arobaini! Magoti yamevimba. Kushuka ngazi nashuka kinyumenyume.

Sare zimekamilika kumi na moja. Ya kumi na mbili, mpira uliruka hadi jikoni, ukaingia kwenye mkono wa nguo, ukatoka na vifungo viwili. Mke wangu aliitazama, akanitazama. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo siipendi, hiyo dari huko uwanjani itakuwa wapi.

Nikamweleza kwa subira kwamba uwanjani hakuna dari, na ndiyo sababu nitacheza vizuri zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Uwanja ni mkubwa kuliko turubai. Bosi alikuwa na kofia nyeupe. Sawasawa alikuja na viatu vya kanisani.

Bosi akanipa heshima ya kuanza, mimi mchezaji. Nikasimama. Ardhi ilikuwa mbali sana! Pigo la kwanza lilipita juu ya mpira. La pili lilichimbua donge la majani lililokwenda mbali kiasi. La tatu sitaliandika. Sawasawa akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Kiti kile nilikuwa nakiona kinaondoka. Nikapiga magoti.

Mpira ukaenda. Ukanyooka, ukapanda, ukaangukia karibu kabisa na bendera. Wachezaji wa kundi la nyuma yetu walisimama. Mmoja akavua kofia.

Bosi akanijia taratibu. "Nani alikufundisha kupiga hivyo?"

Nikamwambia ukweli, wa kwanza wiki nzima. Sebuleni kwangu. Dari ni fupi.

"Nani aliifunga?"

"Mimi, Bosi. Ni ile yetu, ya ngazi tatu."

Akaiangalia bendera muda mrefu. "Unauza dari miaka kumi na moja," akasema, "na hukupima ya kwako?"

Sawasawa akadakia kwamba ni dari nzuri, aliiona kwenye kalenda. Sitamsahau.

Saa iliyofuata Bosi alimfundisha Sawasawa kushika fimbo. Kila alichoambiwa, alisema sawa, na akakifanya. Walikuwa wanacheka. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta mipira kwenye vichaka, kwa kuwa, alisema Bosi, nimezoea kuwa chini.

Jumatatu, 10 Machi

Sawasawa.

Akaja mezani kwangu kabla sijampongeza, akasema anategemea sana uzoefu wangu. Akaniachia zawadi: futi ya kupimia, mpya, ya chuma. Nimeifungia kwenye droo.

Mke wangu alirudisha cherehani sebuleni, akanionyesha mahali pa kuweka kochi. Mama mkwe anasema vyeo hupita, muhimu nilishaomba msamaha.

Alhamisi, 13 Machi

Habari! Mgongo wa Bosi umekataa. Daktari amempiga marufuku gofu. Kuanzia sasa ataogelea. Na kampuni inafungua tawi jipya, litakalohitaji mkuu. Leo jikoni pale ofisini akauliza, hivi hivi tu, kama kuna mtu anayeogelea. Sawasawa akasema anaogopa maji.

Mimi nikasema naogelea kidogo, siku za mapumziko.

Fundi Waya ana mtu anayekodisha bwawa la turubai lenye pampu. Unaogelea hapo hapo ulipo, maji ndiyo yanayosonga. Linaenea sebuleni, nimehakikisha. Safari hii sikubahatisha. Nimetoa ile futi kwenye droo, nimepima urefu, upana, na kimo mara tatu. Likijaa, linabaki na nafasi ya kutosha kabisa chini ya dari yangu.

Fundi anasema maji yenyewe ni tani nne, akaniuliza kuhusu dari ya Mwalimu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Niliifunga mwenyewe.