Antena Yenye Kofia

Jumatatu, 4 Machi
Baba mtoto kafunga mdomo tena. Nikimuuliza kama kikosi chao kinapelekwa mpakani, anasema hiyo siri ya jeshi, mke wangu, nisogezee chumvi. Chumvi! Mtoto anaota meno, mimi silali, na mume ananificha. Haya. Yeye ni fundi wa redio, na redio haiendi bila antena. Nitaanika nepi juu ya paa, niyakague magari yanayotoka kambini. Nikiona antena isiyo ya kawaida, basi ni safari ndefu. Angalau nimuage vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Nimeipata! Magari mengine yana fimbo nyembamba inayochezacheza. Leo limepita lenye kitu kinene, cheusi, kimesimama wima na kofia juu. Hicho si cha kuongea na jirani! Nimemweleza Mama Pacha, mke wa dereva wa jeshi, anayejidai kujua safari kwa kutazama matairi. Kaguna. Eti nepi zimenipanda kichwani. Nikamwambia abaki na matairi yake, huku juu aniachie mimi. Kufika jioni habari imeshaenea, mtaa mzima wanawake wanalia na kuwafungia waume zao mabegi.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Kamanda ameuliza ni nani aliyetangaza kwamba gari la jiko la jeshi ni mtambo wa mawasiliano. Lile lilikuwa bomba la moshi! Mama Pacha kacheka mpaka kakaa chini: “Shoga, na ule moshi je?” Nilidhani antena imechemka kwa kuongea sana.
Baba mtoto hakunigombeza. Kambeba mtoto mpaka mtoto kalala. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili, 10 Machi
Wameondoka. Nilikuwa paani, mtoto mgongoni, natafuta antena. Lori la turubai lisilo na hata waya likapita chini yangu, polepole mno. Sikulijali. Mama Pacha akapiga kelele: “We! Mumeo huyo nyuma, anakupungia!” Nilipogeuka, vumbi tupu. Mtoto ndiye aliyempungia. Mimi sikuwahi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelia, nimenyonyesha, nimefua. Kosa langu nimeliona: wanaokwenda mbali hupanda magari yasiyo na antena. Na leo limetoka lori la maji, halina hata kijiti, usukani kashika mume wa Mama Pacha. Maskini shoga yangu, hana habari. Naenda kumsaidia kumfungia mumewe begi.