Treni ya Kuleta Keki

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Nimeikamata harusi ya Plamedi! Mimi, Ève Masengo, mpambaji wa maharusi, mwenye viti vyeupe na mahema mawili (moja limetoboka, lakini tunaliweka upande wa wageni wa bwana harusi).

Mambo yalikuwa hivi. Plamedi ni binti wa adjudant Bokungu, yule mwanajeshi mkubwa wa mwili anayekaa kule base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina. Anaolewa na Guelord tarehe 26. Asubuhi alipita kwangu kuniambia kwa adabu kwamba moyo wake umeelekea kwa Hawa. Hawa! Muuza vitambaa sokoni, ambaye tangu mwaka jana naye anapamba. Ana tao la maua ya plastiki na mashini ya kupuliza mapovu ya sabuni.

Nilimwambia Plamedi kwamba mapovu ni ya kufulia. Mimi nina kitu ambacho hakijaonekana mkoa mzima wa Haut-Lomami. Akauliza ni kitu gani.

Swali zuri. Nilikuwa sijui. Mdomo ulikuwa umetangulia. Nikamfikiria Guelord, nikamfikiria babu yake, nikakumbuka kitu kilichoko juu ya kabati la babu yake. Nikasema: treni. Treni ndogo itakayozunguka meza na kumletea bibi harusi kipande cha kwanza cha keki.

Plamedi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akanikumbatia. Hawa, pole sana!

Shida ni moja tu. Treni ile ilikufa kabla mimi sijaolewa. Hiyo sijamwambia. Kwa nini nimharibie siku?

Jumanne, tarehe 8

Nimekwenda kwa Nkambo Nicodème, babu yake Guelord. Aliendesha treni za kweli miaka yote ya nguvu zake. Kofia yake ya kazi bado inaning'inia mlangoni, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Treni yenyewe ilikuwa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Kichwa cheusi, magurudumu mekundu, bomba la moshi, behewa moja lisilo na ubavu, na sanduku la reli. Mzungu aliyekuwa mkubwa wa depo ya treni alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Ilitembea Noeli moja. Halafu basi.

Nilisema nataka kuiweka tu mezani, watu waitazame. Akasema naweza kuichukua kwa sharti moja.

"Usiifungue. Weye, mutoto wa Masengo, unasikia? Ile kitu haifunguliwake."

Nikajibu eyo, vidye, ndiyo mzee. Nikaapa. Lakini niliapa huku nimeshika begi kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kiapo chenyewe hakikukaa vizuri.

Aliifunga katika taulo, akanikabidhi kama mtoto mchanga.

Jumatano, tarehe 9

Nimeifungua.

Sikuwa na tournevis, bisibisi ndogo. Nimetumia ncha ya mkasi wa mume wangu Mwepu, ambaye ni mshonaji. Ncha imebaki ndani ya skrubu. Mkasi nimeurudisha mahali pake, umefungwa vizuri. Atafikiri ulizaliwa vile.

Ndani ya treni: mafuta yaliyoganda kama gundi, mende mmoja mkavu, na punje ya hindi. Hakuna ajabu haikutembea! Ilikuwa imegeuka ghala.

Nilipobonyeza kwa kidole, springi ndogo iliruka. Tiii! Haionekani. Nimetambaa chini ya kitanda, chini ya kabati, chini ya mashini ya kushona. Mwepu aliniuliza ninatafuta nini. Nikasema unyenyekevu. Naye akatambaa kidogo, kwa mapenzi.

Tulipokaa kula bukari, ugali wetu, Mwepu aling'ata kitu ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akatoa springi mdomoni. Akaitazama. Akanitazama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaisuuza. Mwepu hakumaliza sahani yake.

Ijumaa, tarehe 11

Nimepata video kwenye simu. Mzungu mmoja anatengeneza treni kama hii hii. Lugha yake siijui, lakini mikono yake inasema wazi. Anaosha kila kitu kwa petroli. Kisha anaonyesha vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota, charbons. Vyangu vimelika mpaka vimekuwa kama pilipili manga. Mzungu akachukua vipya, akainama, akaanza kuonyesha namna ya kuvirudisha...

Mega za simu zimekwisha.

Si kitu. Nilivunja bateri iliyokufa ya redio, nikatoa ule ufito mweusi wa katikati, nikaukata na kuusugua kwenye ngazi ya saruji mpaka nikapata vipande viwili. Akili hii sikufundishwa na mtu! Kwa bahati mbaya baada ya hapo nilikunja vitambaa vyeupe vya meza za harusi. Sasa vina alama za vidole vyangu vyote. Nitasema ni mtindo mpya.

Petroli niliimimina katika beseni, nikaketi karibu na mbabula wenye makaa ya moto, maana mwezi huu baridi inauma. Mwepu aliingia, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tangu tuoane. Akabeba mbabula akakimbia nao nje. Wanaume wanaogopa vitu vidogo.

Jumatatu, tarehe 14

Siku mbaya. Halafu nzuri. Niieleze kwa utaratibu.

Nilikuwa nimekaa uani, treni nzima imelala vipande vipande ndani ya beseni. Sikusikia mtu akibisha. Nilipoinua kichwa, Nkambo Nicodème alikuwa amesimama mbele yangu na fimbo yake.

Nilimwambia inaoga.

Alitazama beseni. Magurudumu, mota, bomba.

"Uliapa," alisema.

Nilitaka kueleza habari ya begi na mkono wa kulia, lakini nilimtazama nikaacha. Mzee yule anaishi peke yake na kofia na treni. Sasa treni ilikuwa supu. Nilijisikia mdogo sana. Nilifikiria hata kumpelekea Hawa ile harusi kwa mikono yangu. (Nilifikiria tu.)

Nkambo akavuta kiti, akaketi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na waya mmoja mfupi, mwekundu.

Akaniambia kwamba siku ile ya Noeli treni ilianza kusuasua, na yeye mwenyewe akaifungua. Alirudisha kila kitu, akafunga, na huo waya ukabaki mkononi. Hakujua ulikotoka. Ndiyo sababu hakutaka mtu aifungue: wangeona pengo.

"Minyi nilikuwa naongozaka treni ya kweli," alisema, "mabehewa mingi, bantu bengi. Nitaambia nani kama ile ya batoto ilinishinda?"

Sikucheka. Naandika hapa kwamba sikucheka. Nilimletea chai. Tulitafuta pamoja mahali pa waya mpaka tukapaona: nyuma ya mota, vidoti viwili vya risasi ya kulehemia vinavyotazamana kama watu waliogombana. Mwepu alitia moto msumari, tukaunganisha.

Tangu hapo Nkambo ameshika uongozi. Mimi sasa ni msaidizi kwangu mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 17

IMETEMBEA!

Tulipanga reli uani. Nilitia mafuta ya mashini ya kushona, mengi, kila tundu nililoliona na mengine niliyoyakisia. Tukaunganisha bateri ya pikipiki ya Mwepu. Kwanza kimya. Halafu ikanguruma. Halafu ikaenda, kidogo kidogo, kama mtu anayekwenda kumsalimia mdai wake.

Nilipiga vigelegele. Nkambo alisimama, akavua kofia yake ya kila siku, akaishika kifuani mpaka treni ilipozunguka ikarudi. Mwepu naye alikuwa na kitu jichoni, akasingizia vumbi.

Lakini inaenda polepole mno. Keki itafika imechacha. Nimelichunguza jambo hili kwa makini na jibu ninalo: ina njaa. Inataka bateri ya pili.

Mwenye bateri nzuri karibu nasi ni nani? Hawa, ya sola ya duka lake. Ee, Mungu.

Ijumaa, tarehe 18

Nilikwenda kwa Hawa na uso wa huzuni. Nikasema mama mkwe wangu ni mgonjwa sana, kuna mashini ya kumsaidia kupumua, inahitaji bateri kwa siku chache.

Hawa alisikitika. Akaniambia mama mkwe wangu amepita hapo sasa hivi na kiroba cha mihogo kichwani, akiimba.

Nikasema ndivyo ugonjwa wake ulivyo.

Hawa alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa anajua yote. Kamina nzima inajua, kwa sababu Nkambo anasimulia treni kila anapokaa. Akasema bateri nitaipata, ila mashini yake ya mapovu itakuwepo ukumbini, tena karibu na keki.

"Mama Ève, si tushirikiane tu? Weye treni, minyi mapovu."

Nilikubali. Meno yaliuma.

Jumapili, tarehe 27

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote ya harusi.

Asubuhi niliingia ukumbini nikakuta reli zinang'aa kama vijiko vipya. Nkambo alikuwa amefika mbele ya watu wote, akazisugua moja moja kwa majivu na limau. Alisema treni haipiti kwenye kutu. Nilimshukuru, sikufikiri zaidi. Alikuwa amevaa ile kofia ya mlangoni. Mkononi alikuwa na bendera ya kijani.

Ilipofika saa ya keki, niliunganisha bateri zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Plamedi alikata kipande, nikakiweka juu ya behewa. Wageni waliinua simu. Niliita: tuondoke!

Nkambo akakataa. Njia haikuwa safi. Shangazi mmoja alikuwa ameweka mkoba wake karibu na reli. Mkoba ukaondolewa. Nkambo akazunguka meza yote taratibu, akikagua. Akakuta ua la plastiki la Hawa. Likaondolewa. Wanamuziki wakaacha kupiga. Adjudant Bokungu, baba wa bibi harusi, akasimama na medali zake zote akaamuru mzee apeperushe bendera sasa hivi.

"Kwenye stasioni," Nkambo alimjibu, "soda njo abiria sawa bengine. Kaa."

Soda, yaani askari, na tena Bokungu, akakaa! Ukumbi mzima uliona.

Nkambo alinyoosha mgongo wake, akainua bendera, akaishusha. Nikagusanisha waya.

Haikuondoka. Iliruka! Wallahi, kama anavyosema Hawa, sikuiona tena, niliona mstari mweusi tu. Kwenye kona ya kwanza treni ilikunja, keki haikukunja. Ilipita juu ya sahani za familia, ikatua kifuani mwa adjudant Bokungu, katikati ya medali.

Treni peke yake ndiyo iliyosikika. Niliitazama njia ya dirishani, nikapima kama ninapita.

Bokungu aliangalia kifua chake. Akachovya kidole. Akalamba.

"Tuma ingine!" akanguruma.

Ukumbi ulilipuka. Plamedi alicheka mpaka wanja ukashuka mashavuni, na Guelord akawa anaupangusa na kitambaa changu cha meza, kile chenye alama za vidole. Watu walisukumana na sahani. Lakini ya kutuma haikuwepo, maana wakati huo bomba la treni lilianza kutoa moshi. Mwembamba, kisha mnene, mweupe, ukitoka mpaka kwenye magurudumu. Mapovu ya Hawa yakawa yanaelea ndani yake. Mimi nilijua maana ya ile harufu: mota inaungua. Wageni hawakujua.

"Gari ya moshi!" walipaza sauti. "Iko na moshi kweli kweli!"

Wakapiga makofi wamesimama. Treni ilizunguka mara ya mwisho, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya Plamedi, kimya.

Nkambo alikuwa ameweka mkono kwenye ukingo wa kofia, kama anavyosalimiwa mkubwa. Machozi yalimtiririka waziwazi. Alikiokota kile kichwa cha treni katika kitambaa chake. Kilikuwa kinaunguza, nilikiona kinaunguza, nikamwambia akiweke chini. Alikataa.

"Ile mzungu yangu," aliniambia, "hakuionake na moshi hata siku moja."

Jumatatu, tarehe 28

Hawa alikuja kuchukua bateri yake. Akasema sokoni watu wanamsimamisha kumuuliza ule moshi ulikuwa wa nani, yeye anajibu: wetu. Wetu! Povu lake lilifanya nini? Lakini aliniletea vitumbua, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwepu ameuona mkasi. Hatuzungumzi mpaka jioni.

Nkambo naye amefika na taulo lake. Safari hii ameniambia nifungue mwenyewe, mbele yake. Nimefungua. Ndani pamekuwa peusi pote, mota imeungua imekuwa mkate. Mwepu, akisahau kwamba hatuzungumzi, alisema kwa reli safi na bateri mbili, umeme ulizidi. Nkambo alisema mafuta yalizidi. Mimi niliwatazama kwa huruma. Mtu mwenye jicho anaona: mwendo ulikuwa ndiyo kwanza unapanda, chakula kikakatika. Bateri mbili ni kidogo!

Na ni lazima tuharakishe, kwa sababu yule shangazi wa mkoba ameagiza treni kwa sherehe ya mama yake mwezi wa tisa. Anataka ibebe keki nzima, ya ghorofa tatu. Nimemwambia hiyo ni kazi ndogo. Nimeongeza kwamba itapiga na honi.

Lori la mfanyabiashara wa mahindi limelala hapa ng'ambo ya barabara. Nimelitazama dirishani mchana wote. Bateri yake ni kubwa kama mbuzi. Kesho nitakwenda kumsalimia mke wa mfanyabiashara huyo, sijamsalimia siku nyingi.