Upepo wa Paa Langu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Wapimaji wamefika! Mhandisi mwenye kofia ya njano kafunga kijiti chenye vikombe vitatu juu ya paa langu. Havinywewi chai. Upepo ukivuma, vinazunguka, mashine inaandika. Kingine kakifunga kwa shemeji, yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Siku nne. Mwenye upepo mwingi anawekewa mtambo, na taa zake hazitazimika tena! Shemeji kasema paa langu fupi kama mimi. Tutaonana.

Jumanne, tarehe 4
Vya shemeji vinazunguka kama vina wazimu. Vyangu vimelala. Mke wangu, wakili wa kaka yake kwa mapenzi ya kumtetea, kasema upepo ni wa Mungu, Mzee, tulia. Nitulie mimi? Niliyejenga nyumba hii kwa mikono hii miwili?

Jumatano, tarehe 5
Akili ninazo! Nimepandisha feni ya sebuleni paani, nikaielekeza kwenye vikombe, kasi namba tatu. Vikapiga mluzi! Shemeji akatoka na wembe mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa, akauliza upepo gani huu usiotikisa hata shuka kwenye kamba. Nikamjibu upepo wangu hauna shida na shuka. Saa sita mchana umeme ukakatika, vikombe vikasimama. Uliporudi, vikaendelea. Nani ataona?

Ijumaa, tarehe 7
Mhandisi kasoma mashine. Kakuna kichwa. Kasema tangu aanze kazi hajaona upepo wa namna hii: hauzidi, haupungui, na unakatika pamoja na umeme. Tangu aanze kazi! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Wivu tu.

Jumamosi, tarehe 8
Barua ya mhandisi! Miwani niliikalia paani, lakini herufi ni kubwa na kusoma najua. Neno la kwanza: JUA. Halafu: KWAMBA TUMEIONA FENI. Nikatosheka, nikaikunja. Maana iko wazi. Feni wameiona, wameipenda, sasa wanataka jua! Mtambo wa upepo nimeona wanampandishia shemeji, kumfariji. Mke wangu kang'ang'ania anisomee iliyobaki, eti hilo JUA si la mbinguni. Kwani kuna lingine? Nimebandua kioo cha kabati lake. Kesho kinapanda paani kuliongezea jua nguvu. Likiingia mawinguni, tochi ninayo.