Mistari Myekundu Gatini

Jumatatu, 3 Juni
Meja kaja gatini. Kasema wachoraji wawili wa jeshi ni wengi. Ijumaa atatazama picha zetu. Mmoja atabaki, mwingine ataenda vitani kubeba machela. Mimi na machela! Hata kikapu cha sokoni hubeba mke wangu. Mpinzani wangu, Miwani, alitabasamu. Simpendi.

Jumanne, 4 Juni
Nimechora wapagazi wakipakia unga wa jeshi. Meli ya kijivu, masanduku ya kijivu. Bahari nayo imenuna. Gati la jirani, kwa Miwani, masanduku yana mistari myekundu na picha yake inawaka! Nimemsihi shemeji, sajenti wa bohari, mume wa dada yangu, anihamishe. Kakataa. Kasema nisiguse kitu, maana yeye ndiye aliyenidhamini. Roho mbaya tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata wazo! Wapagazi walipokwenda kula, nikatoa brashi nikayapiga masanduku ya unga mistari myekundu. Machache tu. Mistari imenyooka. Hakuna aliyeniona. Picha sasa ina uhai.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! King'ora kililia. Mtu kapiga kelele kwamba kreni imebeba baruti juu ya meli ya petroli. Baadhi ya wapagazi wakajitosa majini. Mimi nikalala kifudifudi, nikaomba toba zote. Nilipoinua kichwa nikaliona sanduku likining'inia. Mistari yangu! Kumbe nyekundu ni alama ya baruti. Shemeji alikuwa anapanda ngazi peke yake kwenda kulituliza lisianguke, na dada yangu ana mimba. Kusema ni machela, kunyamaza ni aibu. Mwishowe nikapayuka kwamba ni unga. Hakuna aliyeniamini. Shemeji akalishika, kifuniko kikafyatuka. Akashuka mweupe hadi kope. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Ijumaa, 7 Juni
Miwani kashinda. Kachora gati zima limelala chini, na makalio yangu yako mbele kabisa. Shemeji kaniombea kwa Meja nisipelekwe vitani. Sasa napaka alama kwenye masanduku ya baruti, nyekundu tu, chini ya ulinzi. Dada hasemi nami. Naumia, kweli naumia.
Lakini nyekundu kutwa nzima inachosha macho. Kabatini kuna mkebe wa rangi ya njano. Kesho nitajaribu. Machache tu.