Kiti cha Mzee Kuramochi

Jumanne, 12 Novemba
Leo ulimi umeniponza. Nezu alikuwa akimsimulia mkurugenzi, Bwana Hatanaka, habari za mkahawa wa sushi wa Fundi Ogata kule Ginza. Nikadakia kwamba nitampeleka mimi. Mkahawa wenyewe una viti saba, na hapokelewi mtu bila kutambulishwa na mteja wa zamani. Nezu akaniuliza, "Wewe Tsukuda, nani anakujua kule? Paka wa jirani?" Ofisi nzima ikacheka. Ukuu wa kitengo ni wangu au wake, na mkurugenzi anaamua mwezi huu. Simwachii.

Jumatano, 13 Novemba
Dawa imepatikana. Gazeti la Septemba, nililosokomeza kwenye viatu vilivyolowa, lina tanzia ya Mzee Kuramochi, aliyekula kwa Ogata miaka arobaini. Marehemu hawezi kukanusha. Nikapiga simu, nikasema mzee ndiye aliyenitambulisha. Fundi akasema anajua, mzee alimwambia jana. Jana! Uzee wa fundi huo. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimekwenda mchana, peke yangu, kufanya majaribio. Hakuna mteja mwingine. Fundi akaniketisha kando ya kiti kitupu, akapanga sahani mbili. Kila alipoweka kipande kwenye ile nyingine, nikigeuka hakipo. Akanieleza kwa upole kwamba mzee anaomba nisichovye sushi kwenye mchuzi wa soya kwa upande wa wali. Nikachovya upande wa samaki.

Halafu kwenye kile kiti vikanyooka vijiti vya kulia, vimeshika kipande cha jodari. Nikakipokea kwa vijiti vyangu. Nilipokwisha kumeza ndipo nikamkumbuka mama, alivyokuwa akinichapa mkono mezani: vijiti kwa vijiti watu hupokezana mifupa ya maiti iliyochomwa, si chakula. Kisu cha fundi kilikuwa kimesimama. Akakiinamia kile kiti, akakitakia safari njema. Kisha akaniambia, "Kuanzia leo, bwana, hiki ni chako."

Nimeogopa, sifichi. Lakini kiti cha kudumu kwa Ogata!

Jumatatu, 18 Novemba
Ofisini habari zimefika. Mezani kwangu wameweka maua meupe ya krisanti na picha yangu yenye utepe mweusi. Hicho ni cheo. Mkurugenzi ameiinamia meza yangu, viganja vimeungana. Nilimsalimu, hakuitikia, nadhani heshima imemzidi. Nezu analia machozi kabisa. Wivu.

Jumanne, 19 Novemba
Niko kwenye kiti changu tangu asubuhi. Miguu haitaki kuondoka. Nezu amempigia fundi simu, eti mimi ndiye niliyemtambulisha. Mwongo yule! Fundi akaniuliza kama namjua. Nikasema namjua, aje. Nitampokeza jodari kwa vijiti vyangu mwenyewe, ajue nani mkuu wa kitengo.

Fundi anasema Mzee Kuramochi alingoja mtu wa kumpokea kiti miezi miwili, mimi siku nne tu. Hata mzee nimemshinda.